Dirisha Namba Nne

Mpaka mwezi uliopita nchi yetu haikuwa na kasoro hata moja. Simtanii mtu. Daftari la Kasoro la Taifa nalitunza mimi, Ndaro, karani wa daraja la tatu, na kwa miaka kumi na tisa nimelifunga kila Ijumaa likiwa jeupe vilevile lilivyotoka kiwandani. Wageni wakija, Mkurugenzi huwaleta mezani kwangu, nami huwafunulia ukurasa baada ya ukurasa, na wao hutikisa vichwa. Kuna mmoja aliuliza kama daftari lenyewe huwa linatumika. Alijibiwa kwa heshima zote, na jioni ileile akasindikizwa uwanja wa ndege.

Msije mkadhani hatuna kazi. Nchi yetu ni nchi ya taratibu. Kila linalofanywa na serikali, toka kumzika mtu mpaka kumruhusu mbuzi kuvuka barabara, limeandikwa hatua kwa hatua katika Kitabu cha Taratibu. Kitabu kina taratibu mia sita na kumi na mbili, nacho kimewekwa ukumbini ndani ya kabati la kioo, na polisi mwenye bunduki anakilinda asije mtu akakisoma ovyo. Zamani tuliishi hivyo kwa amani. Kisha Mtukufu Kiongozi alikwenda kwenye mkutano huko nje, wakamuuliza kama taratibu hizo zimewahi kujaribiwa. Mtukufu akajibu kwamba zimejaribiwa zote, mara mbili mbili. Aliporudi ikaundwa haraka Idara ya Kujaribu Taratibu, tukaanza kazi, ili neno la mkubwa lisianguke chini.

Kujaribu kwenyewe ni hivi. Mpima anachagua utaratibu mmoja na kuufuata yeye mwenyewe, hatua ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka. Akimaliza anakuja kwangu, dirisha namba nne, ananieleza alipokwama. Mimi naandika kwa wino, yeye anatia sahihi. Kalamu ya wino ya idara ni moja, nayo imefungwa mezani kwa kamba. Kanuni pia ni moja: asiyemaliza haandikishi kasoro. Daktari Kihampa, Mkurugenzi wetu, aliifafanua siku ya ufunguzi kwa hotuba ya saa tatu na nusu. Alisema mtu aliyeishia njiani hawezi kujua mbele kulikuwa na nini, na pengine hicho alichokiita kasoro kingenyooshwa katika hatua inayofuata. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Basi bwana, tukajaribu. Utaratibu wa Kuzima Moto ulijaribiwa siku soko la nafaka lilipowaka. Hatua ya tatu inataka ufunguo wa bomba uombwe kwa afisa mhusika, na afisa mhusika alikuwa likizo. Mpima wetu akasubiri arudi. Likizo ilipokwisha hapakuwa tena na soko la kufanyia hatua ya nne, kwa hiyo jaribio likahesabiwa kuwa halikukamilika. Utaratibu wa Kuvusha Wajawazito kwa Kivuko unataka kwanza cheti cha daktari, na daktari yuko ng'ambo ya pili. Mama aliyetumika katika jaribio hilo hakufika mwisho, wala mwanawe. Nalo halikukamilika. Ijumaa nililifunga daftari, jeupe.

Mpima wetu bora alikuwa Lukindo. Mtu mfupi, miwani imeshikizwa kwa waya, sukari inamsumbua miaka mingi, kila siku lazima ajidunge sindano yake. Alikuja kazini kwa baiskeli yenye kengele inayosikika mtaa mzima. Alikuwa na hati nzuri kuliko mtu yeyote idarani, na mfukoni alibeba kijidaftari alichoandika kwa penseli kila alichokiona, kamaliza hakumaliza. Humo zilikuwamo kasoro mia tatu na nne. Nilimwambia mara nyingi kwamba tabia hiyo itamletea balaa, na yeye alicheka tu. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu.

"Moja tu, Ndaro," aliniambia. "Moja kwa wino, nikapumzike nayo."

Siku moja alisoma Utaratibu Namba Arobaini na Moja, wa Kumwachia Mtu Aliyekamatwa Kimakosa. Alianza kwa kucheka. Kisha akaacha kucheka, akaniita. Mwandishi wa Kitabu, Mungu amrehemu, alikuwa amechoka siku ile. Namba Arobaini ni utaratibu wa kurudisha baiskeli zilizochukuliwa na manispaa, na yeye aliunakili wote kama ulivyo, akabadilisha kichwa cha habari, na kila palipoandikwa baiskeli au mwenye baiskeli akaandika mhusika. Ndiyo maana hatua ya tisa inaagiza mhusika ajazwe upepo magurudumu yote mawili, na kengele yake ijaribiwe mara mbili kabla hajaondoka. Hiyo ndiyo iliyomchekesha. Iliyomnyamazisha ni hatua ya saba. Mhusika afike yeye mwenyewe, kwa miguu yake, dirisha namba nne, achukue fomu ya kuachiwa. Bila fomu ile mlango haufunguliwi.

"Aliyefungiwa atafikaje kwako?" aliniuliza.

Nikamshauri aende kwa Mkurugenzi. Akaenda. Daktari Kihampa alimsikiliza kwa utulivu, akamuuliza kama amemaliza hatua zote kumi na mbili. Lukindo akasema hajaanza hata moja, amesoma tu. Daktari akasema kusoma si kujaribu, na kwamba nchi haiwezi kuaibishwa na mtu aliyeketi kwenye kiti. Palepale akamteua kuwa mpima wa Namba Arobaini na Moja.

Asubuhi iliyofuata polisi wawili walimkamata Lukindo langoni kwake, kimakosa, kama hatua ya kwanza inavyotaka. Walimkamata kwa wizi wa ng'ombe kumi na wanne, yeye ambaye hajawahi kumiliki hata bata. Walikuwa na adabu sana. Walikuja na barua ya kuomba radhi iliyokwisha kupigwa mihuri, wakampa mkewe aitie sahihi.

Nyumba ya kizuizini inatazamana na dirisha langu. Katikati ni barabara, hatua arobaini. Nimezihesabu. Hatua ya pili mpaka ya sita zilipita kwa siku tatu tu, nikajivunia serikali yangu. Mkuu wa kizuizi alikiri kwa maandishi, nakala tatu, kwamba Lukindo hana hatia, hakuwahi kuwa na hatia, na serikali inasikitika. Siku ya nne akafika hatua ya saba, na humo ndani akawakuta wenzake hamsini na wawili. Kila mmoja ana karatasi yake ya serikali inasikitika, imekunjwa vizuri mfukoni, na kila mmoja anasubiri kwenda kuchukua fomu. Mmoja alikuwa amekaa humo miaka kumi na moja. Hayo niliyapata kwa Sajini Mfaume, askari wa zamu, ambaye huja kwangu saa nne kunywa chai. Nilimuuliza mbona hakuna aliyelalamika. Akasema malalamiko nayo hupokelewa dirisha namba nne.

Mkewe Lukindo anaitwa Mwajabu, fundi wa sare za shule. Kila siku alileta hotipoti ya chakula, na dawa ya sukari kwenye chupa ya chai yenye barafu. Sajini Mfaume alimpitishia, hana roho mbaya. Akishatoka huko alivuka barabara akaja kusimama kwangu.

"Shemeji, hizo fomu ziko wapi?"

Nikavuta droo ya kulia nikamwonyesha. Mabunda mawili, safi, hayajaguswa. Kwa kweli sikuona ubaya wa kumwonyesha. Akaomba moja ampelekee mumewe. Nikamweleza taratibu, kwa upole, kwamba mhusika hufika mwenyewe. Akaomba basi niipeleke mimi, pale ni pua na mdomo. Nikamweleza kwamba mimi ni mtoaji wa dirishani, na mtoaji wa dirishani akitoa fomu nje ya dirisha, huyo si mtoaji tena, ni mtu tu anayetembea na karatasi. Nililisema vizuri, kama Mkurugenzi mwenyewe. Mwajabu akanikumbusha kwamba Idi iliyopita nilikula kwake, nikaongezwa pilau mara mbili. Niliona haya, na nikakasirika kwamba ananitia haya kazini.

Asubuhi Lukindo husogea kwenye nondo za dirisha lake. Mimi nafungua dirisha langu, yeye ananyanyua mikono: vidole vitano huku, viwili kule. Saba. Nami nilimpungia. Ilikuwa kama salamu yetu.

Ulipokwisha mwezi wa kwanza nilijitosa, nikaenda kwa Mkurugenzi. Naomba hili likumbukwe, nilikwenda. Nilimweleza kwamba mpima amekwama, na kwamba afya yake si nzuri, ila bahati mkewe anampelekea dawa na chakula kila siku. Nilitaja dawa nikidhani nasaidia. Daktari Kihampa akaweka faili chini.

"Anapelekewa?" akauliza. "Utaratibu una hatua ya dawa?"

Nikasema hauna.

"Una hatua ya hotipoti?"

Hauna pia. Akasema basi mmekwisha kuliharibu jaribio, maana litaonyesha matokeo ya mke wa mpima, sio ya utaratibu. Saa nane mchana ukatoka waraka: jaribio lisiguswe na mkono wa nje. Nakala nilipewa mimi niibandike kwenye lango la kizuizi. Nilivuka barabara kwenda kuibandika, hatua arobaini kwenda na arobaini kurudi, na haikunipitia akilini kwamba nimebeba karatasi nje ya dirisha.

Mwajabu akazuiwa langoni. Aliendelea kuja vilevile na chupa yake, anakaa ukutani mpaka barafu inayeyuka, anarudi nyumbani. Kwangu hakuja tena. Wiki ya kwanza Lukindo alionyesha vidole saba. Wiki ya pili aliegemea nondo, akaonyesha mkono mmoja, kisha akaupumzisha, kisha vidole viwili. Wiki ya tatu vilitetemeka, nikawa napata shida kuvihesabu. Nilimuuliza Sajini Mfaume. Akasema mzee anakunywa maji usiku na mchana na hashibi maji, na macho hayaoni vizuri, ila bado anamwomba mwenzake wa kitanda cha pili amwandikie kwenye kijidaftari.

Jumatano moja nilifungua dirisha langu, la kwake halina mtu. Jamani, nilifurahi. Nilidhani amevuka hatua ya nane. Nilifuta vumbi kwenye daftari, nikachovya kalamu wino, nikaijaribu kwenye karatasi chakavu isije ikanigomea. Niliketi hivyo mpaka saa nne. Sajini Mfaume alipokuja hakuketi, wala hakugusa chai. Hapo nikaelewa. Nililia palepale mezani, na foleni ya watu wananiangalia, na sikufunga dirisha kwa sababu muda wa kufunga ulikuwa haujafika.

Mchana Mkurugenzi alikuja mwenyewe mezani kwangu.

"Ametoka kizuizini, hakutoka?"

"Ametoka, Mheshimiwa."

"Basi utaratibu unatoa watu. Andika."

Niliandika. Utaratibu Namba Arobaini na Moja, umejaribiwa hadi mwisho, muda wa kuachiwa siku hamsini na sita, kasoro: hakuna. Nikauliza sahihi ya mpima itapatikana wapi. Daktari Kihampa akasema watu wazima hawakosi njia. Daftari likachukuliwa, likavushwa barabara likiwa limefungwa kitambaa cheupe, na liliporudi, pale penye sahihi palikuwa na dole gumba, la zambarau, limekaa vizuri kabisa. Ndiyo jaribio la kwanza kukamilika katika historia ya idara. Tulipewa soda.

Kesho yake Mwajabu aliitwa kuchukua maiti. Maiti ya mpima hupokelewa kwa kutia sahihi daftari lilelile la dirisha namba nne, kwenye mstari unaofuata. Nilimgeuzia daftari nikamwonyesha pa kuandika. Yeye akasoma mstari wa juu yake. Alisoma taratibu, kidole kinafuata maneno, mpaka akafika kwenye lile dole.

"Mume wangu alikuwa anajua kuandika," akasema.

Akaivuta kalamu, kamba ikakaza. Hakuandika mahali pa mpokeaji. Alikwenda kwenye safu ya kasoro, safu ambayo kwa miaka kumi na tisa haijawahi kuandikwa kasoro hata moja, akaandika kwa herufi za fundi anayechora kitambaa: Lukindo Mbaruku. Akatia sahihi yake mbele. Akairudisha kalamu mahali pake, akaenda kumzika mumewe.

Nchi ilitikisika. Wakurugenzi wa idara zote walikutana siku tatu. Wino haufutiki. Ukurasa haung'olewi, kurasa zina namba. Mmoja alipendekeza daftari liungue kwa bahati mbaya, wakakumbuka kwamba utaratibu wa kuzima moto unajulikana ulivyo, jengo lote lingekwenda. Siku ya tatu Daktari Kihampa akapata ufumbuzi, akashangiliwa. Alisema daftari lina safu ya mwisho, ya marekebisho. Kasoro iliyoandikwa ni mtu. Mtu huyo hayupo tena. Kwa hiyo kasoro imekwisha kurekebishwa, na kinachotakiwa ni karani kuandika neno hilo moja na tarehe.

Wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, daftari mikononi. Kazi yenyewe ni neno moja, na maneno ya namna hiyo nimeandikiwa niyaandike maisha yangu yote. Sijui kitu gani kilinishika. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba kwa mujibu wa kanuni, marekebisho hayaandikwi mpaka utaratibu ujaribiwe upya, na aliyejaribu atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Nikasisitiza mkono wake mwenyewe. Daktari Kihampa akanitazama, kisha akatabasamu kwa upendo, akasema ni kweli kabisa, kanuni ni kanuni, na hakuna anayezijua kama Ndaro.

Barua ya uteuzi ninayo hapa. Nitakamatwa kesho saa mbili asubuhi, kwa kosa la kuchimba dhahabu bila kibali. Barua ya radhi nayo imekwisha fika, nimeitia sahihi mwenyewe, maana mimi sina mke.

Leo alasiri, watu walipokwisha kuondoka, nilimwita Mwajabu. Nilidhani hatakuja, akaja. Nilimwambia nilichokifikiria. Kitabu kinasema mhusika afike dirisha namba nne. Nimekisoma mara kumi na mbili, hakuna mahali kinaposema dirisha lenyewe liwe wapi. Dirisha ni kibao, karani na fomu. Karani kesho atakuwa ndani. Fomu nimezihesabu hamsini na tatu, nazifungia tumboni chini ya shati. Sajini Mfaume amesema yeye hupekua mifuko ya nguo tu. Kilichobaki ni kibao. Humo ndani kuna ukuta, nitakitundika, na watu hamsini na wawili watafika kwa miguu yao wenyewe, wapange foleni, nami nitawahudumia. Pampu ya baiskeli nimenunua. Kwa hatua ya tisa nilikuwa nahitaji kengele.

Mwajabu alikwenda nyumbani, akarudi na kengele ya baiskeli ya marehemu. Kisha akashika kigoda, nikapanda, nikakitazama kile kibao ambacho nimeketi chini yake miaka kumi na tisa. Kimeshikiliwa na misumari miwili. Nilichokonoa kwa bisibisi, mmoja ukatoka, wa pili ukafuata, kibao kikaniangukia mkononi. Ni chepesi, mbao ya boksi.

"Kumbe kinatoka," akasema.

"Kinatoka."

Akatazama saa ya ukutani.

"Umetumia muda gani, shemeji?"

"Dakika mbili."

"Mbili," akasema. Akaiweka kengele ndani ya mkoba wangu, akaufunga, akaondoka bila kuniaga.

Ninajua pengine haitawezekana. Pengine Daktari Kihampa ataandika waraka mwingine kabla sijafika mlangoni, na pengine mwakani kuna mtu atalivusha daftari barabara kulifuata dole langu. Naogopa, sifichi. Ila kabla sijafunga ofisi nimelifungua daftari, nikavuta kalamu mpaka kamba ikakaza, na chini ya jina la Lukindo, kwenye safu ya kasoro, nimeandika kwa wino jina langu kamili, na mbele yake: dakika mbili. Nimetia sahihi kwa mkono wangu.